Aliyeifuta Kalenda Yake Mwenyewe: Wasifu wa Mama Loise Wacera Khaoya (1958–2025)

Umeandikwa na kusomwa na bintiye, Ciru Khaoya, nyumbani Namusala, Bungoma, Jumamosi tarehe 19 Julai 2025

Mama yetu, Loise Wacera Khaoya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mwea, Kirinyaga. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimotho Nderitu na marehemu Nyanya Ciru, ambaye mimi nimepewa jina lake. Mkunga aliitwa kutoka shambani, akafika na matope hadi magotini, na nyanya yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyu alipokewa na mikono iliyonuka mpunga.

Mwaka wa 1969 Mzee Kimotho alinunua ekari nane huko Kwanza, Trans-Nzoia, akaihamisha familia yote. Loise alikuwa na miaka kumi na moja na hakuna aliyemuuliza. Alitoka Mwea na konzi mbili za mpunga ndani ya soksi, akaupanda nyuma ya jikoni, pale maji ya vyombo yalipomwagwa. Kaka yake mkubwa, Mzee Nderitu, ambaye yuko nasi hapa, anasema majirani walikuja kucheka, kwa sababu Kwanza watu wanajua mahindi. Baada ya miezi mitano alivuna bakuli moja. Kila mtu wa nyumbani alipata kijiko kimoja. Majirani waliocheka hawakupata.

Alisoma shule ya msingi Kwanza, kisha akaingia sekondari mjini Kitale, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1976. Angemaliza bila doa kama si mwalimu wa jiografia. Mwalimu huyo alifundisha kwamba mvua ya masika huanza tarehe kumi na tano Machi, kama kitabu kilivyosema. Mama akasimama akasema kwamba miaka mitatu mfululizo baba yake alikuwa amesubiri hadi Aprili. Alisimamishwa shule wiki mbili kwa utovu wa nidhamu. Mzee Kimotho alimpeleka mwenyewe kuomba msamaha. Mama akaomba msamaha kwa kupaza sauti, na akaongeza kwamba kuhusu mvua hana la kuombea msamaha. Akapewa wiki nyingine moja.

Baada ya shule aliajiriwa kama karani katika duka la mbegu mjini Kitale. Huko ndiko alikokutana na baba yetu, Mwalimu Pius Khaoya, ambaye alikuja kununua mbegu za shamba la shule na akauziwa chache kuliko alizotaka, kwa sababu Mama alimwambia ameshachelewa kupanda. Baba alirudi juma lililofuata bila haja ya mbegu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, na Mama akahamia hapa Namusala, ng'ambo ya Kibabii. Wakati huo bonde hili lilikuwa kinamasi cha mafunjo na ng'ombe walikuwa wakizama humo. Yeye alipoliona siku ya kwanza, Baba anasema, hakuuliza nyumba iko wapi. Aliuliza maji yanatoka wapi.

Ilichukua miaka kumi na miwili kuwashawishi watu. Mwaka wa 1993 kikundi chetu cha mpunga kilianzishwa na watu arobaini na saba, mfereji ukachimbwa kwa majembe kutoka mtoni, na Mama akachaguliwa katibu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika kalenda. Kitaluni, mbegu zinamwagwa tarehe moja Novemba. Miche inapandikizwa mwisho wa Novemba. Lango la mfereji linafunguliwa siku ya kupandikiza na linafungwa Machi, wakati wa kuvuna. Aliipaka kwenye ukuta wa ghala kwa rangi ya mafuta, kwa mkono wake, herufi kubwa kama za shule. Mahindi yalichukua masika, mpunga ukachukua kiangazi kwa maji ya mto, na mikono ya watu ikatosha kwa vyote viwili. Kwa miaka zaidi ya ishirini kalenda ile haikumwangusha mtu. Wengi wenu mlioketi hapa mlisoma kwa mpunga wa ukuta ule.

Aliyeona mabadiliko kwanza hakuwa mkulima. Alikuwa Mama Hawo Abdisalam, mwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na msikiti mjini Bungoma, rafiki wa Mama tangu mwaka wa kwanza wa kikundi. Mwezi wa tatu mwaka wa 2015, Mama alipopeleka magunia yake, Hawo alitia mkono ndani ya gunia, akalinyanyua kidogo, akalirudisha chini.

"Mama Ciru, hii umeniletea si mpunga," akamwambia. "Ni upepo umefungwa kwa gunia."

Yalikuwa mapepe, yaani maganda yaliyofunga vizuri bila punje ndani. Mwaka uliofuata yakawa mengi zaidi. Watu walilaumu mbegu, wakalaumu mbolea, wengine wakalaumu jirani. Mama alikwenda kwa afisa wa kilimo wa wakati huo, Bi. Chelangat, na akakaa naye siku nzima. Alirudi akiwa amejua mambo mawili. La kwanza, ua la mpunga hufunguka kwa muda mfupi tu, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi karibu saa sita mchana. La pili, joto la saa hizo likifika nyuzi thelathini na tano, chavua hufa na punje haiingii. Mpunga wetu, kwa kalenda ya ukutani, ulikuwa ukichanua mwisho wa Januari na Februari, wakati jua la hapa ni kali kuliko miezi yote.

Bi. Chelangat alimpa kipimajoto. Februari yote ya 2016 na yote ya 2017, Mama aliketi katikati ya jaruba lake la mpunga juu ya kiti cha plastiki, miguu ndani ya maji, mwavuli juu, akiandika joto kila nusu saa. Wapita njia walisimama barabarani kumtazama. Dada yangu Mary Ann aliambiwa sokoni ampeleke mama yake akapimwe kichwa. Tulipomweleza Mama, alisema wangoje kwanza amalize kupima mpunga. Katika siku ishirini na nane za Februari 2017, siku kumi na moja zilifika thelathini na tano au zaidi. Daftari lile liko mezani pale, karibu na picha yake. Anayetaka kuliangalia aliangalie.

Tarehe 20 Mei 2017 alisimama kwenye mkutano wa kikundi, akaomba kalenda ibadilishwe. Alitaka mbegu zimwagwe mwanzo wa Julai na miche ipandikizwe mwisho wa Julai, ili mpunga uchanue Septemba kuelekea Oktoba, kukiwa na mawingu na maji mtoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Lusweti, ambaye naye yuko hapa na ameniruhusu nimtaje, alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama Ciru," akamuuliza, "hiyo kalenda kwa ukuta nani aliandika?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka tukatae maneno yako mwenyewe?"

"Niliiandika kwa joto la miaka ile, Mzee. Joto limepanda. Na kama niliiandika mimi, basi mimi ndiye nina haki ya kwanza ya kuifuta."

Watu walikuwa na sababu zao, na Mama hakuwahi kusema hawakuwa nazo. Mwisho wa Julai ni wakati Bungoma imeinama kwenye mahindi na maharagwe, na hapakuwa na mikono ya kupandikiza. Wengine walisema amekuja na mambo ya kwao Mwea. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono, arobaini na moja wakakataa na sita wakakubali, mbali na yeye. Miongoni mwa arobaini na moja alikuwamo Baba.

Baba ameniambia nilisome hili na nisilipunguze. Aliogopa kikundi kingetunyang'anya jaruba, na sisi watoto wake watatu bado tulikuwa tukitegemea jaruba lile. Walitembea pamoja hadi nyumbani. Mama akapika, akamwekea chakula, akaketi mbele yake.

"Baba Ciru, kura ni yako, sikuulizi," akamwambia. "Lakini miche ikiwa tayari, utabeba."

"Nitabeba," Baba akasema.

Mwaka wa 2018, Mama alimwaga mbegu zake tarehe tatu Julai peke yake. Kamati ikampa barua kwamba lango la mfereji halitafunguliwa kabla ya Novemba, na kwamba mwanachama yeyote atakayemfanyia kazi atatozwa faini. Aliisoma, akaigeuza, akaandika nyuma yake idadi ya miche aliyohitaji. Kwa kuwa ulikuwa msimu wa mvua, alikinga maji yaliyotiririka kutoka mlimani kwa matuta aliyoyapiga yeye na Baba, akaachana na lango lao. Mikono ndiyo iliyobaki. Akampigia kaka yake simu. Huko Kwanza mwisho wa Julai mahindi yako juu ya kichwa, palizi imekwisha, mavuno ni hadi Oktoba, na watu wana nafasi. Mzee Nderitu akaja na lori na wanawake kumi na wanane, wakiongozwa na jirani yake, Mama Jepkorir, ambaye hakuwahi kukanyaga jaruba maishani mwake. Mama aliwafundisha asubuhi moja. Kufikia saa kumi jioni walikuwa wamemaliza. Baba alibeba miche yote kutoka kitaluni, kama alivyosema. Watu walisimama barabarani kama kawaida yao, na Mama akawapungia mkono.

Na sasa nitasema jambo ambalo wasifu kwa kawaida huruka. Msimu ule alishindwa. Mpunga ulichanua vizuri, punje zikaingia, tukazibonyeza kwa kucha na maziwa yakatoka. Lakini katika bonde zima ulikuwa ndio mpunga pekee uliokuwa ukiiva, na ndege wote wa kutoka hapa hadi Mlima Elgon walikuja kwake. Tulipiga madebe, tukafunga kanda za kaseti zivume kwa upepo, tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Alivuna magunia matatu mahali alipozoea kuvuna kumi na tisa. Siku tuliyopura, Mary Ann alilia. Mama hakulia. Aliketi juu ya gunia moja, akasema kwamba punje ni nzito, na kwamba ndege wenyewe wamekubali mpunga ni mzuri. Akapeleka yale magunia matatu kwa Hawo. Hawo alitia mkono ndani, akamtazama, akamkumbatia mbele ya wateja.

Kamati ilimwandikia barua nyingine, ya kumwondoa kwenye ukatibu. Jaruba walimwachia, kwa sababu Mzee Lusweti alikataa kutia sahihi ya kumnyang'anya. Hilo pia tunalisema leo. Mama alikabidhi mhuri na vitabu siku hiyohiyo, akarudi nyumbani na kuanza kutembea. Alikuwa ameelewa kwamba mtu mmoja hawezi kubadilisha msimu peke yake. Lazima majaruba mengi yaive pamoja ili ndege wagawane. Alitembelea wale sita waliomuunga mkono, mlango kwa mlango, na mwisho wa Julai 2019 majaruba saba yalipandikizwa. Lori la Kwanza lilirudi, safari hii na watu thelathini. Walivuna Novemba, na wote saba walivuna sawa na miaka ya zamani. Mpunga wa wenzao ulichanua Februari iliyofuata, nao wakavuna upepo tena.

Baada ya hapo hapakuhitajika hotuba. Mwaka wa 2020 walikuwa kumi na tisa. Tarehe 8 Mei 2021 kura ilipigwa upya na hakuna mkono uliobaki chini. Mzee Lusweti alileta ndoo ya rangi nyeupe na kumpa Mama brashi, aifute kalenda ya 1993. Aliifuta akiwa juu ya ngazi, na Baba ameshika ngazi. Walipomletea rangi nyeusi aandike ile mpya, alikataa. Akaomba rangi ya ubao, ile ya darasani, na boksi la chaki. Aliwaambia kwamba Julai hii nayo itakuja kukosea, na hataki mtu mwingine apigane na ukuta miaka minne. Kila mwaka mwezi wa tano mkutano ukae, daftari la joto na la mvua lisomwe, ndipo tarehe iandikwe. Mwaka jana alisogeza tarehe ya kitalu nyuma, hadi mwisho wa Juni, kwa sababu mvua ya Novemba ilikuwa imeanza kuwakuta watu wakivuna. Mtu mmoja akanung'unika kwamba sasa mama huyu amezidi kubadilika. Mama akamjibu kwamba atatulia hali ya hewa ikitulia.

Aliwasamehe arobaini na moja? Aliwasamehe, ila hakuharakisha. Baba alisamehewa siku alipobeba miche. Mzee Lusweti alingoja miaka mitatu, na siku aliposamehewa aliletewa sahani ya wali nyumbani kwake.

Mwanzo wa Novemba mwaka jana, wakati wa kuvuna, Mama alianza kushindwa kumeza chakula. Alipimwa na kupatikana na saratani ya umio. Alitibiwa katika hospitali ya misheni Lugulu na pia Eldoret, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, ingawa yeye hakuwa mgonjwa mpole. Alikuwa anauliza kila dawa inafanya nini na inaisha lini. Mwezi wa tano aliomba apelekwe mkutanoni. Alibebwa kwenye kiti, akasikiliza daftari likisomwa, akaandika tarehe ya mwaka huu kwa mkono wake: kitalu, 24 Juni. Mstari ulipinda. Msiusahihishe.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 15 Julai, saa tatu asubuhi, Baba akiwa amemshika mkono. Miche ilikuwa na siku ishirini na moja.

Najua kuna minong'ono kwamba tumemharakisha Mama kaburini. Ati siku nne ni chache kwa mtu wa heshima yake, ati tungengoja wiki mbili, ati kijana wake Kimotho, ambaye anafanya kazi Doha, atafika Jumatano na kukuta udongo. Wazee wa ukoo walituambia hivyo nyumbani mwetu na tuliwasikiliza. Lakini siku kumi kabla ya kufariki, Mama alimwita Baba na sisi watoto, akatupigia hesabu. Mche ukipita siku ishirini na nane unazeeka kitaluni na hauzai vizuri. Watu hawawezi kuingia majarubani jeneza likiwa halijazikwa, kwa sababu wataona aibu. Kwa hiyo, akasema, nikifa kabla ya kupandikiza, mnizike kabla ya kupandikiza. Mary Ann akamuuliza, na Kimotho? Mama akageuza uso ukutani, na ndio wakati pekee katika ugonjwa wake wote tulipomwona akilia. Halafu akasema, "Mpigieni. Nitamwambia mimi."

Akamwambia yeye mwenyewe, kwa simu, kwa dakika chache, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Kimotho ametutumia ujumbe usomwe hapa. Anasema: "Msiningojee. Nikija nataka nikute mmepanda."

Kwa hiyo hatukumharakisha. Tumemtii. Na anayeona ni makosa, aje kwangu mimi, si kwa Baba.

Mama ameacha mume, Mwalimu Pius Khaoya, aliyeishi naye miaka arobaini na mitatu, watoto watatu, Ciru, Kimotho na Mary Ann, wajukuu saba, kaka, Mzee Nderitu wa Kwanza, na rafiki wa moyoni, Hawo Abdisalam, ambaye amefunga mashine yake leo kwa mara ya kwanza siku ya Jumamosi. Ameacha pia kikundi cha watu mia moja na kumi na wawili, na jaruba moja ambalo halijapandikizwa.

Apate sasa pumziko ambalo hakujipa alipokuwa hai, na amani imfunike. Sisi tuliobaki tutakutana kitaluni Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Lori la Kwanza limeshajaza mafuta. Njooni na buti.